Mwenye Ghorofa Alipie Mtaro

Viwanja vya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, vilipimwa enzi za ukoloni kwa ajili ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo cha shimo. Barabara zilizopita mbele ya nyumba hizo zilikusudiwa watu wa miguu, mikokoteni na magari machache. Mitaro ilichimbwa kupokea maji ya paa moja la chini, kwani ua wa mchanga ulikuwa ukinywa sehemu kubwa ya mvua. Leo, juu ya viwanja vilevile, ambavyo havikuongezeka hata unyayo mmoja, yamesimama majengo ya ghorofa sita, nane, kumi na zaidi. Upanga ni hivyo hivyo. Sinza na Kijitonyama ziko njiani.

Mwalimu wa darasa la tano anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu ifuatayo bila kufungua kitabu. Nyumba ya vyumba sita ilikaliwa na kaya sita. Imebomolewa. Mahali pake limejengwa jengo la ghorofa kumi: mbili za chini ni maduka na stoo, nane za juu kila moja ina fleti nne. Hizo ni kaya 32, ukiacha wenye maduka, wachukuzi wao na wateja wao. Je, bomba la maji la mtaa limeongezwa uwezo mara tano? Je, barabara imepanuliwa mara tano? Je, shule ya msingi ya jirani imeongezewa madarasa mara tano? Majibu ni hapana, hapana na hapana. Na mtoto huyo wa darasa la tano akiulizwa mzigo huo basi umekwenda wapi, hatakosa kujibu kwamba umekwenda kwa majirani.

Na kweli umekwenda kwa majirani. Masika yakiingia, maji ambayo zamani yalizama uani sasa yanateremka kwa mkupuo kutoka kwenye paa na kwenye zege lililofunika kiwanja kizima hadi mpakani. Mtaro unatapika. Wa kwanza kukokota magodoro yao nje ni wale walio mabondeni, kando ya mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Haitakuwa haki kusema kwamba ghorofa za Kariakoo ndizo zilizowaua. Mvua ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, na wengi walikuwa wamejenga mahali pasipostahili nyumba. Lakini kila kiwanja kinachofunikwa kwa zege hupeleka maji yake kwa mwingine, na huyo mwingine sikuzote ni mtu aliye chini zaidi, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Sasa na iulizwe: mwenye jengo amelipa nini? Amelipia saruji, nondo, vioo, lifti na jenereta. Amelipa ada ya kibali cha ujenzi, ambayo ni malipo ya kukaguliwa michoro yake. Vyote hivyo ni vya ndani ya ukuta wake. Nje ya ukuta hakuongeza hata karavati moja. Amekuta mtaro, akaingiza maji yake. Amekuta barabara, akaigeuza uwanja wa kupakulia makontena. Na kwa kuwa mabomba ya majitaka yanahudumia sehemu ndogo tu ya jiji, wengi wa wajenzi huchimba shimo lao na kutegemea malori ya kunyonya, ambayo nayo hupita katika barabara ileile iliyoziba.

Zipo sauti zitakazosema kwamba mwenye jengo hulipa kodi ya majengo kila mwaka, na hilo linatosha. Na itazamwe hiyo kodi. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia mita za umeme za LUKU. Mwaka 2023 ilipandishwa ikawa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa katika majiji na manispaa. Jengo la ghorofa kumi, basi, linadaiwa shilingi 75,000 kwa mwezi, yaani 900,000 kwa mwaka mzima. Mpangaji yeyote wa fremu ya mbele pale Kariakoo anajua kwamba kwa fedha hizo hapewi funguo za duka hata kwa mwezi mmoja. Na mara nyingi anayekatwa hata hicho kidogo ni mpangaji, kwa kuwa ndiye anayenunua umeme. Kumdai mwenye nyumba arudishe ni haki iliyoandikwa, lakini wangapi wanathubutu kuidai?

Wakati huohuo miundombinu ya jiji inajengwa kwa fedha za nani? Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha nchi hii dola milioni 300 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Dar es Salaam, uliojenga barabara za mitaa, mitaro na masoko katika manispaa zake. Mwaka 2022 zikaidhinishwa dola nyingine milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Miradi hiyo ni mizuri, na Serikali ilifanya vema kuitafuta. Lakini mkopo hulipwa. Unalipwa na mkulima wa mahindi wa Mbozi na mvuvi wa Ukerewe, ambao hawatapita juu ya lami hiyo hata siku moja. Unalipwa na mwalimu wa Tunduru kupitia makato ya mshahara wake. Madarasa 15,000 yaliyojengwa nchi nzima kuanzia mwaka 2021 yalitokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19. Mwaka huohuo wananchi waliombwa kuchangia barabara, shule na vituo vya afya kila walipotumiana fedha kwa simu, mpaka wakalalamika na tozo ile ikapunguzwa zaidi ya mara moja. Mama anayemtumia mwanawe shilingi elfu kumi za nauli alionekana kuwa na uwezo wa kuchangia. Bwana mwenye ghorofa kumi hakuombwa kitu siku aliyochukua kibali chake. Hili ndilo jambo lisilovumilika.

Kinachotakiwa ni chepesi kuelezwa. Kila anayeomba kibali cha kujenga jengo kubwa jipya, au kuongeza ghorofa juu ya jengo la zamani, na alipe mara moja mchango wa miundombinu unaolingana na mzigo ambao jengo lake litauongeza juu ya maji, majitaka, mitaro, barabara na shule za eneo lile. Si kodi ya kila mwaka, wala si adhabu. Ni gharama ya ujenzi kama ilivyo nondo. Uwezo wa kuanzia upo: Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo za ada na ushuru kwa idhini ya Waziri.

Wale ambao kila wakisikia neno mchango hupiga kelele kwamba ujamaa unarudi, na watazame Marekani, ambako hakuna aliyewahi kuwashitaki kwa ujamaa. Huko ndiko mchango wa namna hii ulikokulia, tangu miaka ya 1970, pale miji iliyokuwa ikipanuka haraka, hasa ya Florida, California na Colorado, ilipochoka kuwatoza wakazi wa zamani ili kuwatandikia mabomba wajenzi wapya. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya jimbo la Florida ilisikiliza shauri la wakandarasi dhidi ya mji wa Dunedin, uliowatoza kwa kuunganisha majengo mapya na maji na majitaka. Mahakama ilikubali kwamba ni haki mjenzi mpya abebe gharama ya upanuzi anaousababisha yeye. Mwaka 1987 jimbo la Texas na jimbo la California yalitunga sheria kamili za michango hiyo. Wajenzi hawakuhamia mwezini. Wameendelea kujenga, na wameendelea kupata faida.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba wawekezaji watakimbia. Wakimbilie wapi? Mtu hawezi kuhamishia Kariakoo Dubai. Anayejenga Kariakoo anajenga pale kwa sababu wateja wa Zambia, Malawi, Komoro na Kongo hufika pale, na wanafika pale kwa sababu ya bandari, barabara kuu na amani, vitu ambavyo hakuvileta yeye. Tena mwekezaji mwenye akili huogopa zaidi mtaa usiopitika kuliko malipo yanayojulikana mapema kwa kiwango kilichoandikwa. Kinachomkimbiza mtu ni malipo yasiyoandikwa, yale ya chini ya meza, ambayo baadhi ya wajenzi wanayafahamu vizuri na hawayalalamikii hadharani.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba mchango utaongezwa juu ya kodi ya pango na atakayeumia ni mpangaji. Mwenye jengo hapangi kodi kwa kutazama stakabadhi zake za saruji. Hupanga kwa kutazama mpangaji anaweza kukamuliwa kiasi gani. Kama leo angeweza kupandisha zaidi angepandisha leo, bila kusubiri sheria ndogo ya halmashauri. Mchango unaojulikana mapema huuma mahali pengine: katika bei ya kiwanja. Mjenzi akijua kwamba atadaiwa kiasi fulani kwa kila ghorofa, atamwambia mwenye kiwanja kwamba hawezi kufika bei ile. Anayepunguziwa ni mlanguzi wa viwanja. Ni kweli kwamba Kariakoo mwenye kiwanja mara nyingine si mlanguzi bali ni warithi wa mzee aliyejenga nyumba ile ya vyumba sita, waliokubaliana na mjenzi wagawane ghorofa. Hao watapata kidogo pungufu ya walichotarajia. Lakini watakuwa bado wamepata sehemu ya jengo juu ya kiwanja ambacho thamani yake iliongezwa na jiji zima.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1958, wakati serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi iwe mali ya mtu binafsi ya kuuzwa na kununuliwa, Mwalimu Nyerere aliandika kuupinga mpango huo, kwa hoja kwamba hakuna binadamu aliyeiumba ardhi. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta umilikaji wa aina hiyo. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalitaifishwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Nyakati zimebadilika, na hakuna anayedai majumba yataifishwe tena. Msajili mwenyewe aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ingali inasema kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Ikiwa ardhi ni ya umma, basi ruhusa ya kulikalia anga la ghorofa kumi juu ya ardhi hiyo nayo ni mali ya umma. Mbona inatolewa kwa bei ya kukagua michoro?

Faida ya kuweka miundombinu mapema haihitaji kubuniwa. Imekwisha kupimwa hapa hapa. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kutandika mabomba kabla watu hawajajenga. Kwingineko, kama Manzese, ikapeleka huduma mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kujenga. Utafiti wa wachumi juu ya miji saba ya Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba baada ya miongo kadhaa maeneo yaliyoandaliwa kabla yalikuwa na nyumba bora na mpangilio bora, huku yale yaliyofuatwa baadaye hayakutofautiana sana na mitaa iliyoachwa bila mradi. Mtaro unaochimbwa kabla ya nyumba ni rahisi. Ukichimbwa baada ya nyumba huanza kwa fidia, hufuatwa na kesi, na mara nyingi huishia kwenye jalada.

Yupo mpinzani mwingine, hatari kuliko mjenzi, naye yumo ndani ya ofisi za umma. Ni yule ambaye akisikia kuna fedha mpya hufikiria kwanza gari, semina na posho. Ikiwa mchango huu utamwagwa katika kapu la jumla la halmashauri, bora usitozwe kabisa. Mahakama ile ya Florida, baada ya kukubali haki ya mji wa Dunedin kutoza, iliitupa sheria ndogo ya mji huo kwa sababu haikueleza wazi kwamba fedha zile zitatumika kwa upanuzi wa maji na majitaka tu. Sheria ya California inataka fedha zikae katika akaunti ya peke yake, na mji utoe maelezo kila miaka mitano juu ya fedha ambazo hazijatumika. Ukishindwa, zinarudishwa kwa waliolipa. Nidhamu ya namna hiyo inawezekana pia Ilala na Kinondoni.

Tanzania imewahi kuonja mji usio na mfuko wake. Serikali za mitaa zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, miji iliachwa bila mwenyewe. Taka zililala, mitaro iliziba, na kipindupindu kilipozuka mwaka 1977 kiliikuta miji haina kinga. Mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978, na Chama hakikuona haya kurekebisha hatua yake. Lakini mfuko uliorudishwa umekuwa ukitobolewa tangu hapo, na makusanyo ya kodi ya majengo yenyewe yamehamishwa zaidi ya mara moja kati ya halmashauri na Mamlaka ya Mapato.

Ugumu wa leo ni wa namna nyingine, na watumishi wanaousoma ukurasa huu wanaujua kuliko mwanasiasa yeyote. Anayetoa kibali ni halmashauri. Barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, ni za TARURA. Maji na majitaka ni ya DAWASA. Shule ni ya halmashauri tena. Kwa hiyo mjenzi hugonga mlango mmoja na kuondoka na muhuri, na mzigo wake unatua katika milango mitatu ambayo pengine haikuulizwa kitu. Mhandisi wa maji hugundua jengo jipya siku presha ya bomba inaposhuka. Mchango wa miundombinu utalazimisha wakuu hawa kuketi meza moja kabla ya muhuri kugongwa: kila mmoja aandike jengo lile litamwongezea nini na litamgharimu kiasi gani, fedha zipokelewe na halmashauri kwa wakati mmoja, na kila mwenye mzigo apewe fungu lake. Asiyeandika asipewe. Na hesabu ya kila kata ibandikwe ofisi ya Mtendaji, pale wananchi wanapopanga foleni kutafuta barua za utambulisho.

Vilevile mchango huu usitumike kufukia mashimo ya miaka 30 iliyopita. Deni la zamani ni la kila mwenye nyumba, na kazi hiyo ni ya kodi ya majengo. Mjenzi mpya na adaiwe kile tu anachokiongeza, wala si zaidi.

Wala asiguswe mnyonge. Huko huko California, wilaya moja, El Dorado, ilimtoza mtu mmoja dola 23,420 za barabara kwa kibali cha kuweka nyumba ndogo ya kuunganishwa juu ya kiwanja chake. Shauri lake lilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwaka 2024 majaji wote wakaamua kwamba hata mchango uliowekwa kwa sheria ya baraza lazima upimwe kama kweli unalingana na mzigo. Jimbo hilo lilifika huko kwa sababu kura ya wananchi ya mwaka 1978 ilibana kodi ya majengo ya wenye nyumba wa zamani, na miji ikageuka kumkamua kila anayejenga upya, mkubwa kwa mdogo, hata nyumba za kukaa zikazidi kuwa ghali. Kosa hilo halina sababu ya kuigwa. Karani anayejenga vyumba vitatu Chanika kwa mkopo wa chama cha akiba, mwalimu anayepandisha tofali zake kidogo kidogo kule Kinyerezi kila likizo, hao wasitozwe hata senti. Mstari na uanzie kwenye ghorofa ya pili, au kwenye ukubwa wa sakafu ambao familia moja haiwezi kuujaza, na mzigo mkubwa uwe juu ya maduka, hoteli, maghala na fleti za kupangisha.

Sheria ndogo ya namna hiyo inaandikika kwa kurasa chache, na mabaraza ya madiwani yanakutana kila robo ya mwaka. Madiwani wengi ni wa Chama hiki, na wengi wao wamesimama majukwaani kuwaahidi wananchi mitaro. Wakumbuke kwamba mchango huu hauwezi kurudi nyuma: jengo lililokwisha kupata kibali limepita, na halidaiwi tena. Kila kikao kinachoahirisha jambo hili kinaacha rundo lingine la michoro lipite mezani bure, na kila mchoro katika rundo hilo una maji yake ya mvua, yanayosubiri masika.